Nani Atalinunua Joto Langu

Sijafa. Fungeni mlango, baridi inaingia, kisha kaeni hapo sakafuni wote watatu mnisikilize. Mmeniita kutoka mlangoni mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja sauti yake imetetemeka kuliko ya mwenzake, nami nimelala tu macho nimeyafumba, kimya, kwa sababu akili zangu ni timamu na nakumbuka leo ni siku gani. Ninyi mmesahau. Mmekaa mjini mpaka mmesahau kwamba asubuhi ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka mtu haitikii jina lake kabla jua halijachomoza, maana ukiitika tu, aliyekuita anakwambia, "Nunua joto langu," na hapo biashara imekwisha, joto lake lote la kiangazi kinachokuja limekuwa lako, wewe utatoka jasho na yeye atakaa kivulini. Tangu niletwe katika nyumba hii nikiwa bi harusi hakuna aliyewahi kuniuzia joto, si baba yenu, si jirani yetu Gwak aliyekuwa akijibanza nyuma ya ukuta na kuniita kwa sauti ya mke wake. Sitaanza kununua leo nikiwa hoi hapa nilipolala.

Jua letu huchelewa, mnajua. Mlima wa mashariki hulizuia mpaka watu wa ng'ambo ya mto wawe wamekwisha kula, kwa hiyo nina muda wa kusema mpaka mwanga ufike kwenye mitungi ya uani. Nitayataja majina yenu, maana siwezi kuwaachia wosia watu wasio na majina, lakini nikitaja jina asiitike mtu. Tikiseni vichwa, inatosha. Tae-gon, umeanza kufungua mdomo, ufunge.

Sikilizeni basi, wanangu, na msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyo nayo ni fupi na hasira bado ni ile ile, na nikilazimika kutumia vyote viwili kwa pamoja sitafika mwisho.

Nianze na mali. Shamba la matunda na bustani ya mboga viko kwa jina la Du-sik tangu tulipomzika baba yenu, na nyumba hii vilevile; hati ni yake, muhuri ni wake, mimi nimekuwa mkulima wake tu na hajawahi kunifukuza. Mitungi yote ya uani, ya soya na ya pilipili, pamoja na vilivyomo, ni ya Gyeong-nim, na aiondoe mwenyewe, asimtume mtu wa lori, maana ule mkubwa una ufa nilioufunga kwa waya na ukishikwa vibaya utaachia. Trekta la mkono ni la Tae-gon, ambaye ndiye mtu pekee katika ukoo huu anayeweza kuliwasha bila kulipiga teke. Mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo, upembo wa kuangulia matunda na ngazi ya miguu mitatu sijampa mtu bado. Nitawapa kabla sijamaliza.

Sasa nitawaambia jambo mnalodhani silijui. Siku ya mwaka mpya, mlipokwisha kuwainamia mababu zenu marehemu na kula supu ya mkate wa mchele, mlitoka nyuma ya nyumba pamoja na bwana mmoja mwenye viatu safi. Mlidhani nimelala. Nilikuwa nyuma ya mitungi, nimepiga magoti, mkono wangu mzima hadi begani umo ndani ya shimo tulimofukia figili, naitafuta figili ya mwisho iliyokuwa ikinikwepa vidoleni, na mtu aliye katika hali hiyo hasimami kusalimia wageni. Nilisikia kila neno. Yule bwana alitembea chini ya miti yangu ya matunda, mipersimoni, akipima kwa hatua, akauliza jua linapita upande gani, akasema kilima hiki kimelalia kusini vizuri mno, kitapangwa paneli za sola kutoka juu mpaka chini na umeme utauzwa. Tae-gon akasema miti isiwape shaka, ana msumeno wake wa mashine, ataiangusha upesi. Gyeong-nim akasema, "Jamani, subirini kidogo, Mama bado yupo." Na Du-sik, mwanangu mkubwa, akasema kwa sauti ya chini, "Akishaondoka."

Nikaipata figili yangu. Nikaingia jikoni nikaikata vipande, nikapika mchuzi, mkala, na wewe Du-sik ukasema huko Busan figili hazina utamu kama huu. Nikatabasamu. Ulidhani natabasamu kwa sababu ya sifa.

Na bwana yule anarudi leo adhuhuri kuchukua jibu. Usiangalie huku na huku ukimtafuta aliyenitajia. Wewe mwenyewe, Du-sik, ukiongea na simu unapaza sauti kama mtu anayeita ng'ombe.

Mnajua mimi ni mtu wa namna gani. Mnakumbuka nilivyolipiga lori la mchuuzi kwa upembo mpaka taa ikapasuka, kwa sababu alichukua persimoni zangu nilizozimenya mwenyewe na kuzikausha upenuni, akazichanganya na za watu waliozifukiza salfa ili zing'ae rangi, kisha akaziuza zote kwa jina langu. Tunda lililopondeka mimi huliweka juu ya kapu, zuri nikalilaza chini, ili mnunuzi aone ubaya kwanza, na akifika nyumbani afurahi. Shule sikusoma, baba yangu alisema kalamu haifagii ua, lakini watu walitoka mji wa Jinju kwa kupanda mabasi mawili wakapita vibanda vyote vya soko kuja kwangu. Basi nanyi nitasema hivyo hivyo, ubaya juu. Shamba hili ni taabu. Litakuumiza mgongo, litakupasua vidole mpaka damu iingie kwenye mpini, na mwaka ambao kila kitu umekifanya sawasawa jalidi, ule umande ulioganda, itashuka usiku mmoja wa masika na kuunguza maua yote, na hutakuwa na wa kumlaumu. Mkiliuza siwalaani. Sitaki mzimu wangu usingiziwe kila paneli ya yule bwana itakapopasuka kwa mvua ya mawe. Ardhi ni ya aliye hai.

Ila nasema hivi. Mnataka kuuza kitu msichokijua, na hilo kwangu ni biashara chafu. Ninyi mnaijua vuli. Mnajua makapu, matunda mekundu juani, persimoni zimetundikwa upenuni kama taa, picha mnazopiga na watoto wenu. Mwisho wa baridi hamuujui, kwa sababu mwezi kama huu mlikuwa mkirudi shuleni mjini, na mimi ndiye niliyewatuma, kwa hiyo siwalaumu. Mmemleta mnunuzi katika majira ambayo mti hauna hata jani, akaona vijiti vyeusi na ardhi iliyoganda, nanyi mkaona alivyoona yeye, mkadhani hapa hapana kitu, ni kikongwe tu na kuni zake. Na kumbe huu ndio mwezi ambao tunda linafanywa. Vuli tunaokota tu.

Gyeong-nim, binti yangu, mkasi wa kupogolea ni wako. Usinionyeshe mikono, najua una saluni na mikono yako ndiyo duka lako. Mkasi utakushindaje wewe uliyeushika tangu ukiwa msichana? Lakini nisikilize vizuri kwa sababu wewe ndiye utakayeharibu, na utaharibu kwa ufundi wako mwenyewe. Umezoea kukata ncha. Mteja anakaa, unapunguza ncha kidogo huku na huku, anapendeza, anaondoka. Kwenye persimoni ncha ndilo tunda. Ua lake hutoka kwenye macho yaliyo mwishoni mwa kitawi cha mwaka jana. Ukipita ukipunguza ncha kila mahali mti wako utakuwa mzuri kama bwana harusi na vuli hutaokota tunda hata moja. Toa tawi zima. Lililomlalia mwenzake, lililosimama wima kama linataka kwenda mbinguni peke yake, lililogeuka kuangalia ndani, litoe tangu shinani pake, yaliyobaki yaache na ncha zake. Kisha shuka, simama mbali, ujiulize kama shomoro anaweza kupita katikati akiruka bila kukunja mbawa. Akipita, imetosha.

Mimi hakuna aliyenifundisha. Baba yenu alianguka kutoka mpersimoni ule wa kisimani, mnajua matawi yake yanavyokatika bila hata kulia, akavunjika nyonga, akalala hapa hapa nilipolala mimi, na jua la mwisho wa baridi lilikuwa likipanda juu kila siku na miti haijaguswa. Babu yenu alisema mwanamke akipanda mti wa matunda mti hukauka. Nikamwambia, kwa heshima zote, Baba, basi panda wewe. Alikuwa na miaka mingi kuliko mti wenyewe. Nikapanda. Nilikuwa nimemtazama mume wangu baridi kadhaa nikiwa chini namshikia ngazi, na mtu anayeshika ngazi hana kazi nyingine ila kutazama. Gwak alipita barabarani, akasimama, akaita majirani waje waone, akapaza sauti, "Mama Du-sik, mti huo unaunyoa au unauchinja?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikamwambia aniletee kapu lake vuli, nimjazie, nione kama atacheka na mdomo umejaa. Alikuja na kapu. Alikula akiwa amesimama pale pale barabarani, maji yanamtiririka kidevuni, na mwisho wa baridi uliofuata nilimwona akichungulia juu ya ukuta kutazama nakata wapi.

Nipeni maji kidogo. Hapana, hayo ya moto. Haya.

Tae-gon. Wewe una haraka tangu tumboni, ulizaliwa wakunga wakiwa njiani. Kwa hiyo nakupa kazi isiyotaka haraka. Magome ya mipersimoni yamekauka na kuvimba kama magamba, na chini yake wadudu wamelala usingizi wa baridi, wanangoja joto. Chukua kile kikwangulio chenye umbo la mundu, kwangua gome lililokufa tu, ukiona rangi ya kijani umekwenda mbali mno, umemchuna mtu ngozi. Tandika turubai chini ya mti, yaliyoanguka yakusanye yote uyachome ndani ya pipa. Ndani ya pipa, nimesema. Kisha ngoja siku isiyo na upepo, macho ya miti yakiwa bado yamefumba, ujaze bomba ile dawa ya chokaa na salfa, upulize kuanzia chini kwenda juu mpaka mti ubadilike rangi. Utanuka kama yai viza siku mbili, na mkeo atakulaza sebuleni. Mboji iko nyuma ya banda; usiirundike kwenye shina kama wafanyavyo wavivu, mti hauli kwa shina, itandaze kwa mduara pale matone ya mvua yanapoangukia kutoka kwenye matawi ya mwisho.

Na kingo za shamba msizichome moto. Hili nalisema kwa wote. Kila mwaka siku kama ya leo wazee wanatoka na viberiti, wanachoma nyasi za kingo, wanasema wanaua mayai ya wadudu, na mwezi unapochomoza kilima kizima kinanuka moshi, watoto wanashangilia. Mnaikumbuka safu yangu ya juu? Wewe Tae-gon ulikuwa mgongoni mwangu. Gwak alichoma ukingo wake kwa heshima ya mwezi, upepo ukageuka, moto ukaruka ukuta na kuila safu nzima ya mipersimoni iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Nilisimama na ndoo tupu. Hakuja kuomba radhi. Alikaa ndani siku nyingi, na nilipokutana naye kisimani aligeuza uso, nami nikaapa sitasema naye tena, na mnajua nikiapa.

Lakini niseme na haki. Kila mwisho wa baridi tangu mwaka ule, naamka asubuhi nakuta mzigo wa mianzi umelazwa langoni, imekatwa na kusafishwa, ya kutegemezea matawi yakilemewa na matunda. Hajawahi kubisha hodi. Sijawahi kushukuru. Mianzi nimeitumia. Ugomvi huu msiupatanishe, si wenu, sisi wawili tumeuzoea na kila mmoja anajua mwenzake yupo hai kwa sababu hiyo. Ila nikifa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya ukoo, kabla ya ofisi ya kijiji. Mtamkuta anajifanya anatengeneza ukuta. Mwambieni hivi: Mama Du-sik amesema mianzi ya mwaka jana ilikuwa imepinda. Ataelewa. Na jeneza likitoka, bega la mbele ni lake, kama magoti yatamruhusu.

Mwanga umefika wapi? Bado uko kwenye misonobari? Vizuri.

Du-sik. Nimesema msiitike, lakini inua uso.

Kwako nimebakiza vitunguu saumu, na usidhani nimekupa kazi ya kitoto. Viko kwenye tuta refu chini ya mabua ya mpunga tangu tulipopanda vuli. Usiku udongo unaganda na kuvimba, mchana unayeyuka na kushuka, na kila ukifanya hivyo unavinyanyua kidogo mpaka mizizi inabaki hewani kama vidole vya kuku. Usipovikanyaga sasa vitakauka hali ya kuwa unaviona ni vya kijani. Utapita mstari kwa mstari, mabua umeyasogeza pembeni, unakanyaga kila upande wa mche kwa unyayo wote, si kwa kisigino, uzito wako wote na upole wako wote. Ni kazi ya mtu mzito asiye na pa kukimbilia asubuhi. Nimekuchagua wewe.

Naam, nimejua. Duka lako la vigae limefungwa. Hukuniambia, na mkeo aliye jikoni sasa hivi anakoroga wali wa nafaka tano hakuniambia, wala sikumuuliza, yeye anatunza siri ya mumewe na anafanya sawa. Umekuwa ukija hapa tangu uanze biashara na viatu vyenye vumbi jeupe, nikikugombeza kwa alama unazoacha barazani, na vuli hii hukuacha alama. Mwaka mpya hukuacha alama. Mtu wa vigae mwenye viatu safi, nilijua. Na nilipokuwa kule chini mkono umo shimoni nikasikia ukisema "Akishaondoka," niliisikia hata ile ambayo hukuisema, kwamba kila siku unatoka nyumbani asubuhi umevaa vizuri ili watoto wako wasijue, na huna unakokwenda. Kwa hiyo sikukasirika. Nilikasirika, ndiyo, lakini si kwa sababu mliyodhani. Nilikasirika kwamba una kilima kizima chenye kazi ya kila siku ya mwaka, na umetafuta mtu wa kukifunika kwa vioo.

Bwana akija mtaongea naye wenyewe, mimi simo. Ila jambo moja lazima aambiwe, awe mnunuzi awe nani, kwa kuwa sifichi ubaya chini ya kapu. Mkunazi ule mkubwa kando ya lango, kwenye panda yake, pale shina linapogawanyika, una jiwe ndani. Mnajua leo ndiyo siku ya kuiozesha miti, jiwe linawekwa kwenye panda ndilo bwana harusi, na mti ukishaolewa unazaa. Mwaka niliobeba mimba yako, Du-sik, baba yako alishuka mtoni akachagua jiwe jeusi kubwa kama kichwa cha ndama, akalipandisha na kulikaza pale akicheka kwamba mke wake na mti washindane. Mila inataka liondolewe na kuwekwa jipya. Akasema hapana, hawa wameoana kweli, asiwatenganishe mtu. Mti ukaanza kulikumbatia. Kila mwaka gome lilisogea kidogo, mpaka ulipoanza shule lilikuwa linaonekana kama jicho, na ulipooa likafumba kabisa. Sasa pana kovu tu, kama mdomo uliofungwa. Tae-gon, ukiuingiza msumeno wako wa mashine pale mnyororo utakatika na kukurudia usoni. Ndiyo maana nakwambia. Sitaki kukuzuia kwa kukuvunja uso. Anayetaka kuuangusha mti ule achimbe mizizi kwa mkono, ataona mwenyewe amekwenda mbali kiasi gani kabla hajachoka. Na asiyetaka kuuangusha, leo kabla ya kula aweke kijiwe kipya kando ya kovu. Cha kufaa kiganja kinatosha, bwana harusi wa kwanza bado yupo.

Upembo mpeni Gwak. Ngazi ya miguu mitatu na msumeno mdogo ni vya atakayebaki hapa.

Nimechoka. Sogea, Gyeong-nim, ninyanyulie kichwa. Hivyo.

Maziko yasiwe makubwa. Mnilaze pembeni ya baba yenu, lakini si upande wa kisima, upande wa shamba, nimekwisha kuupima. Msikate hata tawi moja kunipisha. Chakula cha wageni kitoke bustanini: figili zilizobaki shimoni zitoeni zote, zikianza kuota majani humo ndani zinakuwa kama sponji, na mboga za majani nilizozikausha ziko kwenye kamba nyuma ya jiko. Msilie jikoni, mchuzi utakuwa na chumvi mara mbili.

Na hapa, chini ya mfarishi, kando ya kiuno changu, kuna kitambaa chenye unyevu. Msishtuke mkikigusa. Ni mbegu za pilipili. Kila mwaka mwezi huu huzilaza mahali penye joto kuliko pote sakafuni, pale moshi wa jiko unapopita chini yake, na mwaka huu mahali penyewe ninapalalia mimi, kwa hiyo tumelala pamoja. Jana jioni niligusa, zimeshapasuka, kijino cheupe kimetoka. Mkija kunigeuza, au kuniosha, zitoeni kwanza. Zipandwe kwenye kitalu kesho, zisivuke kesho, zifunikwe usiku, na zikiwa na majani manne zihamishwe. Hazivunwi ila katikati ya kiangazi, siku zile ambazo hata mbwa hatoki uvunguni, mtu ameinama kwenye tuta na jasho linaingia machoni pamoja na ukali wake. Siku hizo ndizo joto langu. Ninalo la mwaka huu, lote, halijaguswa, na mimi sitakuwepo kulitolea jasho.

Miti iwazalie hata mnapoikosea. Migongo yenu ikiinama inyooke tena. Msalimiane kila mkikutana, hata mkiwa mmekasirikiana, salimianeni kwanza ndipo mgombane. Wajukuu wangu waje hapa wakati wa baridi, si vuli peke yake. Nimewabariki, wote watatu, sawasawa, hakuna aliyepunjwa.

Mwanga... nauona kwenye dirisha. Umefika kwenye ukuta. Haujafika kwenye mitungi. Bado kuna nafasi.

Du-sik.

Sheria unaijua, nimeisema mwenyewe asubuhi hii. Ukinyamaza sitakasirika. Ni akili kunyamaza. Nami nilinyamaza.

Du-sik, mwanangu.

Sema kwa sauti, masikio yangu yamekuwa mazito... Ndiyo. "Naam, Mama." Wenzako wamesikia. Gyeong-nim umesikia. Tae-gon pia.

Basi nunua joto langu.

Lote. Halirudishwi. Sasa... fungua mlango, jua limefika. Na viatu hivyo vivue. Vya baba yako vya shambani viko chini ya baraza... vitakubana kidogo. Ukitembea navyo tuta moja vitalegea.